CMV baada ya kupandikizwa mapafu: namba imetoka 640 ikafika 1,450, tuhofu?

Swali: Daktari, shikamoo. Kaka yangu alipandikizwa mapafu yote mawili hapa Uingereza mwaka jana. Alimeza valgansiklovia kwa miezi 12 kujikinga na virusi vya CMV, akaacha miezi miwili iliyopita. Hospitali iliyompandikiza ilimpima wingi wa virusi hivyo kwenye damu, ikapata 640. Siku 9 baadaye akapimwa hospitali ya karibu na nyumbani, ikatoka 1,450. Hana homa na anakula vizuri. Tumeambiwa tu arudi wiki ijayo apimwe tena. Mimi nilikuwa mshauri nasaha kwenye kliniki ya UKIMWI huko Mombasa, na mtu akipita 1,000 hatukukaa kimya. Vidonge vimebaki nyumbani. Aanze kuvimeza tukisubiri? Na safari yetu ya Mombasa baada ya wiki tatu, tuiahirishe? *Msomaji, Leicester*

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na la haraka: vile vidonge asiviguse. Alikuwa akimeza dozi ya kinga, ambayo kwa mtu mwenye figo nzima ni miligramu 900 mara moja kwa siku. Dozi ya kutibu ni miligramu 900 mara mbili, na hupunguzwa kwa hesabu maalumu figo zikiwa zimechoka, kama zinavyochoka za wengi wanaotumia takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo kipya. Akianza mwenyewe kwa dozi ndogo wakati virusi vinazaliana, atakuwa anavifundisha kuishi na dawa. Usugu huo ukishaingia, kazi inakuwa ngumu na dawa zilizobaki ni chache. Tena valgansiklovia hushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo hakuna anayeianza bila kupimwa damu kwanza.

Sasa namba zenyewe. Piga simu hospitali zote mbili uulize jambo moja: mlipima plazma au damu nzima? Plazma ni maji ya damu yakishatenganishwa na chembe zake. CMV hujificha ndani ya chembe nyeupe, kwa hiyo damu nzima mara nyingi hutoa namba kubwa kuliko plazma, hata kama mirija yote miwili imetoka kwenye mkono mmoja, asubuhi moja. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa sampuli ya rejea ili maabara zote zitoe majibu kwa yuniti za kimataifa kwa kila mililita. Lilisaidia sana, lakini halikumaliza tatizo: mashine, vitendanishi na kipande cha kinasaba kinacholengwa bado vinatofautiana. Kulinganisha 640 ya maabara moja na 1,450 ya nyingine ni kulinganisha kibaba cha duka hili na kibaba cha duka lile.

Hata tukijifanya kwamba zote zimetoka maabara moja, bado singesema kwa uhakika kwamba virusi vimepanda. Sisi wa maabara husoma namba hizi kwa logi: 100 ni 2, 1,000 ni 3, 10,000 ni 4. Tofauti ikiwa chini ya 0.5, yaani chini ya mara tatu hivi, inaweza kuwa ni kuyumba kwa kipimo tu. Za kaka yako ni 2.81 na 3.16, tofauti ya 0.35. Na namba zikiwa ndogo, karibu na kikomo ambacho mashine inaweza kuhesabu, kuyumba huongezeka, nasi tunadai tofauti kubwa zaidi kabla ya kuiamini.

Kuna hesabu nyingine inayonituliza. CMV ikipata nafasi kwa mtu asiye na kinga yoyote dhidi yake, inaweza kuongezeka maradufu kila siku moja au mbili. Ingekuwa inakwenda kwa kasi hiyo, siku 9 zingetosha kuitoa 640 na kuivusha 10,000. Haikufika huko. Ndiyo maana waliosema "arudi wiki ijayo" hawakumpuuza. Ila hiyo wiki ijayo ni ya lazima, isisogezwe hata kwa siku chache, kwa sababu ninayoieleza hapa chini.

Uzoefu wako wa kliniki ya UKIMWI ni hazina, lakini hapa usiutumie kama ulivyo. Kule mgonjwa yuko kwenye dawa za kufubaza virusi maisha yake yote, na akipita 1,000 maana yake ama hamezi ama dawa zimeshindwa. CMV ni hadithi nyingine. Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tuliipata utotoni bila kujua, ikalala mwilini, na kinga inailinda isiamke. Dawa za kuzuia mwili usilikatae pafu jipya zinalegeza ulinzi huo, na virusi huchungulia. Kuchungulia huko wakati mwingine hurudi chini kwenyewe. Hakuna namba moja ambayo dunia nzima imekubaliana kwamba ikipitwa ni lazima dawa. Kila kituo huweka kiwango chake kulingana na maabara yake na aina ya mgonjwa.

Na aina ya mgonjwa ndilo swali la pili la kuuliza. Kabla ya upandikizaji walimpima kaka yako, na mtoaji wa mapafu pia, kama kila mmoja aliwahi kuambukizwa CMV. Ikiwa kaka alikuwa nayo tangu zamani, kinga yake inaijua, na kusubiri wiki moja ni jambo la kawaida. Ikiwa hakuwa nayo na mtoaji alikuwa nayo, virusi vimeingia pamoja na mapafu kwenye mwili usiovijua. Hao ndio walio kwenye hatari kubwa kuliko wote, na ningependa apimwe ndani ya siku chache, si wiki, huku timu ikiwa tayari kuanza tiba. Miezi ya mwanzo baada ya kuacha dawa ya kinga ndiyo hasa CMV inapoibuka, na kaka yako yuko katikati yake.

Jambo ambalo napenda familia zilielewe kuliko yote: kwa aliyepandikizwa mapafu, damu haisemi kila kitu. Virusi vinaweza kuwa vingi ndani ya pafu lenyewe au kwenye utumbo huku damuni ni vichache. Kwa hiyo kifaa chake cha kupuliza cha nyumbani kina uzito sawa na jibu la maabara. Apulize kila asubuhi, saa ileile, na kuandika. Kipimo kikishuka kwa asilimia 10 kutoka kawaida yake na kubaki chini, au akipata homa ya 38, pumzi fupi, kikohozi kipya, au kuhara kusikoisha, simu ipigwe siku hiyohiyo, hata kama namba ya CMV ni ndogo. Huenda wakaingiza kamera mapafuni, waoshe kidogo kwa maji ya chumvi na kuyapima maji hayo. CMV ikiachwa iunguze mapafu, hatari ya pafu kukataliwa polepole miaka inayofuata huongezeka, na uharibifu huo kwa kawaida haurudi nyuma.

Ikiamuliwa atibiwe, atapimwa kila wiki. Usishtuke namba ikipanda kidogo katika wiki ya kwanza, hutokea. Lakini baada ya wiki mbili za dozi kamili bila kushuka, uliza waziwazi kuhusu usugu. Maabara huchunguza kinasaba kiitwacho UL97, na tangu 2021 ipo dawa ya maribavia kwa ambao dawa za kawaida zimeshindwa kuwasaidia.

Utaona pia EBV kwenye karatasi za majibu. Hivyo ni virusi vilivyogunduliwa mwaka 1964 kwenye uvimbe wa watoto wa Uganda ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa ameueleza. Kwa aliyepandikizwa, vikipanda mfululizo vinaweza kuashiria saratani ya tezi za limfu. Mafua na virusi vya kupumua hupimwa kwa kijiti puani, si kwa damu.

Kuhusu Mombasa: usikate tamaa, lakini usithibitishe tiketi sasa. Ningetaka majibu mawili yanayofuatana, maabara ileile, sampuli ileile, yasiyopanda, na ruhusa ya timu iliyompandikiza. Mkipata hayo, kipimo kinachofuata kipangwe kabla hajaondoka na kingine mara akirudi, na mwende na barua yenye orodha ya dawa na majibu yote. Kliniki ya safari ikitaka kumchanja homa ya manjano, mkatae: ni chanjo ya virusi hai, na haifai kwa aliyepandikizwa. Waombe barua ya msamaha badala yake.