Mgonjwa Wako Yuko Guangzhou, Wewe Uko Dar es Salaam

Simu iliingia saa nne usiku. Guangzhou ilikuwa tayari saa tisa usiku, kwa hiyo kabla sijaipokea nilijua kwamba hakuna mtu anayepiga simu nyumbani saa hizo kwa mazungumzo ya kawaida. Aliyepiga hakuwa mume wangu bali mfanyabiashara mwenzake wa Kariakoo, ambaye mimi humwita shemeji, na ambaye walikuwa wamefikia hoteli moja. Alinieleza kwamba maumivu ya tumbo ambayo mume wangu alikuwa akiyatuliza kwa vidonge kwa siku tatu, akidhani ni vidonda vya tumbo, yalikuwa ya kidole tumbo. Kwamba kidole tumbo hicho kimekwisha kupasuka na usaha umesambaa tumboni. Na kwamba madaktari wanataka kumpasua kabla hakujakucha.

Tangu arudi, watu kadhaa waliofikwa na jambo kama hilo wamenijia kuniuliza nilivumiliaje. Ninawajibu kwamba aliyebaki nyumbani hawezi kumtibu mgonjwa, lakini ana mambo ambayo hakuna mwingine anayeyajua, na kwamba mimi sikupata utulivu kwa kuambiwa nitulie, bali kwa kupata kazi ya kweli ya kufanya kwa ajili yake.

Kazi ya kwanza ilikuja usiku uleule. Shemeji aliniuliza kama mgonjwa ana aleji yoyote, nami nikakumbuka kwamba miaka iliyopita alivimba midomo na kutoka malengelenge baada ya kupewa dawa yenye salfa. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa akiweweseka kwa homa na hakuweza kueleza lolote, na shemeji asingeweza kulijua hilo. Nikaandika kila nilichokikumbuka: kundi lake la damu, dawa ya presha anayoitumia pamoja na kipimo chake, upasuaji wa ngiri aliofanyiwa ujanani, na kwamba ametoka nchi yenye malaria. Hili la malaria nalisisitiza kwa kila anayeniuliza. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi Juni 2021 kwamba China haina tena malaria, na daktari ambaye haoni ugonjwa huo katika kazi zake za kila siku anaweza asiufikirie upesi anapomwona mgonjwa mwenye homa kali. Kumkumbusha apime hakugharimu chochote. Na kama mgonjwa wako ana damu ya kundi hasi, sema mapema kabisa, kwa sababu kundi hilo ni adimu sana miongoni mwa Wachina na hospitali inahitaji muda wa kuitafuta.

Mambo hayo yote yaandike leo, wakati mwenzako yu mzima na mnakula pamoja mezani, kisha kila mmoja ayahifadhi kwenye simu yake.

Hospitali ilitaka pia saini ya ndugu kabla ya upasuaji. Niliandika kwa mkono barua ya kumpa shemeji mamlaka ya kusaini kwa niaba yangu, nikaipiga picha pamoja na cheti cha ndoa na hati yangu ya kusafiria, nikamtumia. Ilinichukua dakika ishirini kwa sababu cheti cha ndoa nilikuwa najua kilipo. Hapo ndipo nilipogundua umuhimu wa jambo jingine: kwa kuwa WhatsApp haifunguki China bila njia za kuzungukia, tulikuwa tukiwasiliana kwa WeChat, na akaunti ile mume wangu alikuwa amenifungulia safari iliyotangulia, nami nikiiona kama usumbufu. Kama mwenzako husafiri kwenda huko, usingoje siku ya shida ndipo uifungue, maana akaunti mpya mara nyingi huhitaji kuthibitishwa na mtu aliyekwisha kujiunga.

Alilazwa siku sita katika chumba cha wagonjwa mahututi, na siku hizo ndizo ninazotaka kuzieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndizo zilizokaribia kunishinda. Usiku wa pili, saa saba, shemeji alinitumia picha ya karatasi yenye maandishi ya Kichina na muhuri mwekundu, na chini yake ameandika: "Wanasema hali yake ni ya hatari sana, wametaka nisaini." Nilikaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye jokofu, nikaanza kufikiri ni nani nimwamshe kwanza, na maiti husafirishwaje kutoka nchi ya mbali namna ile. Kulipokucha, mkalimani aliyeajiriwa na shemeji alizungumza na daktari, naye akatueleza kwamba karatasi ile ni taarifa rasmi ambayo hospitali za China huitoa kwa familia mgonjwa anapokuwa mahututi, ili iwe wazi kwamba familia imejulishwa. Haikuwa na maana kwamba ameshindikana. Kwa kweli siku hiyo homa ilikuwa imeanza kushuka.

Tangu asubuhi hiyo niliweka utaratibu mmoja, nao ndio ushauri wangu mkubwa kuliko mwingine wowote. Habari za mgonjwa zitoke kwa mtu mmoja, mara moja kwa siku, baada ya madaktari kupita. Madaktari wa wodi ile walipita saa mbili asubuhi, ambayo kwetu ni saa tisa usiku, na mkalimani alimpata daktari kwenye saa nne, yaani saa kumi na moja alfajiri ya Dar es Salaam. Kwa hiyo nililala saa tatu usiku, simu ikiwa chumba cha pili na mlio ukiwa juu kwa namba ya shemeji peke yake, nikaamka karibu na adhana ya alfajiri, nikaketi na kaunta buku niliyoinunua kwa ajili hiyo. Maswali yangu yalikuwa matatu kila siku: Akilinganishwa na jana, yukoje? Mnachokihofia zaidi leo ni nini? Mnapanga kufanya nini baadaye? Niliandika majibu kama yalivyokuja, pamoja na joto la mwili na kiasi cha majimaji yaliyotoka kwenye mrija wa tumboni. Maneno kama "anaendelea vizuri" niliyakataa, si kwa ukali, bali kwa kumwomba shemeji aniambie ameona nini. Alipoanza kunijibu kwamba leo amefumbua macho alipoitwa jina, au kwamba leo wamempunguzia hewa ya mashine, nilipata kitu cha kukishika.

Habari hizo nilizipeleka kwenye kundi la familia mara moja, saa moja asubuhi, kwa sentensi nne au tano. Aliyeniuliza mchana nilimwelekeza asome ujumbe wa asubuhi. Wapo waliokasirika, hasa wajomba, lakini kabla ya utaratibu huo nilikuwa napokea simu zisizohesabika kwa siku, na kila mmoja alikuwa na habari yake aliyoipata kwa mtu mwingine wa Kariakoo, mpaka mtoto wetu mkubwa akarudi kutoka shuleni akilia kwamba ameambiwa baba yake amekatwa utumbo wote. Majirani nao walianza kuja na kukaa sebuleni kimya, kama watu waliokuja msibani. Niliwashukuru kwa moyo wote, kisha nikawaomba wanisaidie kwa namna nyingine: mmoja awapeleke watoto shule, mwingine alete chakula cha jioni. Watu wa Dar es Salaam hawakosi huruma. Wanachohitaji ni kuambiwa waipeleke wapi.

Mama mkwe wangu yuko Tanga na ana presha, na ndugu wote walinishauri nimfiche. Nilimficha siku mbili, na katika siku mbili hizo akapiga simu mara tano akiuliza kwa nini mwanawe hapokei. Siku ya tatu nilimwomba wifi yangu awe karibu naye, nikapiga, nikamwamkia, nikamwambia: "Mama, mwanao amepasuliwa tumbo, yuko hospitali, na leo homa imeshuka." Alikaa kimya kidogo, akasema, "Ahsante mwanangu, nilikuwa najua tu kwamba mnanificha." Watoto nao waambiwe ukweli unaolingana na umri wao, tena na wewe mwenyewe.

Kuhusu fedha nitasema machache. Hospitali ile ilidai amana kabla ya matibabu na kutaka iongezwe kila ilipokaribia kwisha. Mara moja nilituma fedha benki Ijumaa alasiri, zikafika Jumanne, na ikabidi shemeji akope kwa Watanzania wenzake. Tuma kabla ya Alhamisi. Tenga pia fedha za mhudumu wa kukodi wa kukaa kitandani kwa mgonjwa, kwa kuwa huko wauguzi hushughulika na dawa na vipimo, lakini kuoga, kugeuzwa na kulishwa mara nyingi ni kazi ya ndugu. Na usisahau viza. Ya kwake ilimruhusu kukaa siku thelathini, na siku ya ishirini na saba bado alikuwa na mrija tumboni. Anayezidisha muda China hutozwa faini ya yuani 500 kwa siku, hadi yuani 10,000, kwa hiyo shemeji alichukua barua ya daktari akaipeleka idara ya uhamiaji kabla muda haujakwisha.

Wengi huniuliza kwa nini sikupanda ndege. Nauli yangu ingekuwa amana ya siku kadhaa za matibabu, watoto walikuwa watatu, duka lilikuwa na mzigo uliolipiwa nusu, na huko alikuwapo mtu ninayemwamini. Lakini kama mgonjwa wako hana mtu wa kumsemea, nenda, hata kama ni kwa kukopa. Hilo ndilo pekee ninaloliona kuwa la kuamua.

Sikuweza kumshika mkono, basi nilimtumia sauti. Mtoto wetu mdogo alisoma kitabu chake cha darasa la pili, akakosea na kurudia, nami nikarekodi bila kukata chochote. Mhudumu alimwekea sikioni kila alipomaliza kumgeuza.

Alishuka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere akiwa na barua ya daktari ya kumruhusu kusafiri na faili la karatasi za Kichina, ambazo tulizitafsirisha kwanza kabla ya kwenda kumwona daktari wa hapa. Mkanda wa suruali alikuwa ameutoboa matundu mawili mapya. Wiki ya kwanza hakutaka kuzungumzia hospitali, mpaka jioni moja alipoiona kaunta buku juu ya kabati akaichukua. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa, akiuliza maswali, kwa kuwa siku nne nzima hakuzikumbuka kabisa, na nyingine alizikumbuka kwa njozi za ajabu za watu waliomfunga ndani ya meli. Alipofika kwenye siku ya tano, palipoandikwa kwamba amefumbua macho na kuuliza kwa Kiswahili ni saa ngapi, aliweka kidole pale akaniuliza, "Ni nani aliyenijibu?"

Nikampigia shemeji ili amweleze mwenyewe.