Kutu ndani ya birika la chuma la Kijapani: usisugue

Ndugu, umesema birika lako la Morioka, mji wa Japani, limeota madoa mekundu ndani na unataka kulisugua kwa waya wa sufuria. Tafadhali, weka huo waya chini.

Hiyo ni tetsubin, birika la chuma cha kusubu, na mafundi wa Iwate, mkoa wenye mji huo wa Morioka, hulichoma kwa moto mkali wa mkaa ili ndani lijijengee utando mwembamba wa kulizuia kutu. Ukisugua, utando unaondoka, na kutu itarudi kwa kasi.

Kwanza chemsha maji, uyamimine kwenye bilauri ya kioo uyatazame. Yakiwa maangavu, hayana rangi, endelea kunywa chai yako. Madoa hayo hayana neno. Yakitoka na rangi ya kutu, funga majani ya chai ya kijani kwenye kitambaa, yachemshe na maji ndani ya birika kwa moto mdogo nusu saa hivi. Maji yatageuka meusi kama wino. Usishtuke! Ule ukakasi wa majani, yaani tanini, unashikana na chuma na kufanya tabaka jeusi. Mwaga, rudia mpaka maji yatoke bila rangi ya kutu.

Baada ya kila matumizi mwaga maji yote, acha kifuniko wazi, joto la birika lenyewe lilikaushe. Sabuni usiguse.

Ila kama ndani limepakwa enameli, yaani tabaka gumu kama kioo linalong'aa, hilo ni la kutilia chai tu. Usilibandike motoni.