Nilipe deni lipi kwanza, na nifanye nini simu ikilia?

SWALI: Mama mshauri, ninakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina umri wa miaka 26, ninatunza bohari katika kampuni ndogo inayohudumia migodi, na mshahara wangu ni dola 450 kwa mwezi. Ninadaiwa na watu sita. Mkopeshaji wa mtaani ananidai dola 300, nami ninamlipa riba ya asilimia 30 kila mwezi. Nimekwisha kumlipa riba hiyo mara nne. Chama cha akiba na mikopo kinanidai awamu nane za dola 70. Katika likelemba ya kazini, yaani upatu wa kuchanga kila mwezi na kupokea kwa zamu, nilikwisha kupokea zamu yangu, nimebakiza michango minne ya dola 50. Mama mdogo ananidai dola 200, hajanipa tarehe. Mwenzangu wa kazi ananidai dola 50, na mwenye duka wa mtaa wetu faranga zinazokaribia dola 40. Kodi ya nyumba, chakula, usafiri na fedha ninazomtumia mama zinamaliza dola 250. Simu ikilia, moyo unadunda na mikono inatoka jasho. Usiku ninaamka saa nane na kuhesabu hadi alfajiri. Rafiki yangu amenishauri ninunue vidonge vya usingizi. Je, nilipe kwanza deni dogo au lenye riba kubwa? Huu ni ugonjwa? Ninaweza kufungwa? Na mchumba wangu nimweleze, maana mahari imepangwa Desemba?

JIBU: Mwanangu, umefanya jambo ambalo wengi wanaoketi mbele yangu hawajalifanya, yaani umetaja wadai wote sita na kiasi cha kila mmoja bila kuficha hata yule wa duka. Kwa kuwa umeleta hesabu, nitaanza na hesabu, kisha nitaufikia moyo unaodunda, ingawa utaona kwamba mambo hayo mawili yamefungamana.

Jumla ya madeni yako ni dola 1,350, sawa na mishahara yako mitatu. Si kiasi cha kumzika mtu mwenye kazi. Tatizo liko kwenye mwendo wa kila mwezi: riba ya mkopeshaji ni dola 90, awamu ya chama ni 70, mchango wa likelemba ni 50, jumla 210, wakati baada ya matumizi ya lazima unabaki na dola 200 tu. Kila mwezi unapungukiwa na dola 10 kabla hujamfikiria mama mdogo, mwenzako wala mwenye duka. Nadhani deni la duka lilizaliwa hapo, wala sioni dalili ya ulevi au uzembe katika karatasi yako. Mtu anayepungukiwa kila mwezi atakopa kila mwezi, hata akiwa mwadilifu kiasi gani.

Sasa tumtazame huyo wa asilimia 30, mmoja wa wale wakopeshaji wa mtaani ambao mjini tunawaita kwa utani Banque Lambert. Umekwisha kumpa dola 360 kwa mkopo wa dola 300, na bado unadaiwa dola 300 zilezile, kwa sababu ulicholipa ni riba peke yake na deni la msingi halijaguswa. Ukiendelea hivyo kwa miezi kumi mingine utakuwa umeongeza dola 900 juu ya hizo 360, na bado utadaiwa 300. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini hawakutuambia kwamba mtu anaweza kulipa bila kukoma na deni lisipungue hata senti.

Kuhusu utaratibu wa kulipa, wataalamu wamegawanyika. Wengine husema anza na deni lenye riba kubwa, kwa kuwa ndilo linalokugharimu zaidi. Wengine husema anza na dogo, ili upate nguvu ya kuendelea. Upande wa pili si wa maneno matupu. Mwaka 2019 watafiti wa Singapore walichapisha matokeo ya utafiti juu ya watu 196 wa kipato cha chini waliolipiwa sehemu ya madeni yao, na wakaona kwamba kilichopunguza wasiwasi na kuifanya akili ifanye kazi vizuri zaidi hakikuwa kiasi cha fedha kilichofutwa pekee, bali idadi ya madeni yaliyofungwa kabisa. Kila deni lililo wazi hushika nafasi yake katika fikra, liwe la dola 40 au la dola 400. Kwa hiyo, kama madeni yako yote yangekuwa na riba za kawaida, ningekuambia bila kusita uanze na mwenye duka. Lakini asilimia 30 kwa mwezi si riba ya kawaida, nayo lazima iguswe kwanza. Kuigusa, hata hivyo, hakumaanishi kulipa haraka fedha usizonazo. Kunamaanisha kubadilisha mapatano.

Mwendee mkopeshaji kabla ya siku ya malipo, si baada ya kuchelewa, ukiwa na mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili. Mwambie kwamba umempa dola 360, kwamba hukimbii, na kwamba kuanzia mwezi huu utampa dola 60 kila tarehe ya mshahara kwa miezi sita, jumla 360, ambazo zitamaliza deni la msingi na kumwachia 60 za ziada, kwa sharti kwamba riba isimame. Wakopeshaji wa namna hii wanajua kuwa mdaiwa aliyeelemewa hatimaye hutoroka, huenda Kolwezi au huvuka mpaka wa Zambia kule Kasumbalesa, na wengi wao hupenda fedha kidogo zenye uhakika kuliko nyingi za mdomoni. Akikubali, andikeni karatasi mbili zenye tarehe, kiasi na aina ya fedha, kisha shahidi atie sahihi. Kila utakapolipa, aandike kwamba amepokea. Usimwachie kadi yako ya benki wala namba yake ya siri, kama watumishi wengi wanavyofanya, kwa kuwa siku hiyo mshahara unakuwa wake na wewe unakuwa mwombaji. Usimpe pia hundi ya tarehe ya mbele: hundi isiyo na fedha ni kosa la jinai, nawe utakuwa umegeuza deni la kawaida kuwa kesi.

Mapatano hayo yakishika, malipo ya lazima yanashuka hadi dola 180 na zinabaki 20. Mpe mwenye duka hizo 20 kwa miezi miwili, naye atakuwa amekwisha. Mwezi wa tatu na wa nne mpe mwenzako wa kazi 40, na mwezi wa nne huohuo likelemba inamalizika. Mwezi wa tano unamkamilishia mwenzako 10 zilizobaki na kuanza na mama mdogo kwa dola 60; mwezi wa sita mkopeshaji anatoka, na mama mdogo anapata 70. Mwezi wa saba unampa 70 za mwisho, na mwezi wa nane chama nacho kinafunga daftari. Bila shaka mtu ataugua au kodi itapanda, na ratiba itasogea. Hata ikisogea miezi mitatu, inabaki kuwa ratiba.

Mkopeshaji akikataa kusimamisha riba, uza kitu kimoja kisicho cha kazi, televisheni au simu ya pili, na kila utakachopata kiende kwenye deni la msingi, naye akiri hivyo kwa maandishi. Ukipunguza dola 150, riba ya mwezi inashuka kutoka 90 hadi 45. Usikope kwa mkopeshaji mwingine ili kumlipa huyu. Likelemba nayo usiivuruge hata mwezi mmoja, kwani wale ndio watu watakaokupokea tena ukihitaji msaada, na aliyekula zamu yake kisha akaacha kuchanga hujulikana bohari nzima. Deni la duka libaki katika faranga kama lilivyoandikwa; ugomvi mwingi wa madeni madogo hapa mjini hutokana na kiwango cha kubadilisha cha siku ile dhidi ya kiwango cha siku hii.

Kuhusu kufungwa, nitasema kwa ufupi. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, inakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Kudai fedha ni shauri la madai, na njia yake ni mahakama, si kituo cha polisi. Ninajua kwamba wadai huwatumia maofisa ili kutisha, na kwamba jambo ambalo sheria inalikataza linaweza kutokea saa kumi jioni siku ya Ijumaa. Ndiyo sababu nasisitiza karatasi zenye sahihi: mwenye uthibitisho kwamba analipa ni vigumu kumwita tapeli. Ukipata barua ya wito, usiikimbie. Nenda na karatasi zako, na ukiweza nenda na wakili au mtetezi wa haki.

Sasa simu. Moyo kudunda na mikono kutoka jasho si ishara kwamba moyo wako una kasoro. Mwili umejifunza kwamba mlio ule unaleta hatari, nao unajiandaa kukimbia kama vile kuna simba mlangoni. Usipopokea, hofu hushuka papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe, kwa sababu mwili unajifunza kwamba kukwepa kumekuokoa, na mlio unaofuata utatisha zaidi. Wengi hudhani wasiwasi utaisha deni likiisha. Nimeona waliomaliza kulipa na bado wakaruka simu ilipolia.

Chagua siku mbili kwa juma, tuseme Jumanne na Jumamosi, saa kumi na moja jioni, ambapo wewe ndiye utakayewapigia wadai waliofikiwa na tarehe. Kabla ya kupiga, pumua taratibu kwa dakika tatu, ukihesabu hadi tatu unapovuta na hadi tatu unapotoa, tumbo likipanda na kushuka. Kisha sema sentensi fupi uliyoiandika mapema: "Nitakupa dola 20 tarehe 30, na tarehe 30 nitakupigia mwenyewe." Usiahidi kiasi kisichomo katika ratiba ili mazungumzo yaishe haraka, ahadi ya hofu ndiyo mbegu ya simu kali ijayo. Siku nyingine, akipiga mdai, mjibu kwa ujumbe kwamba utampigia Jumanne, na Jumanne ikifika umpigie kweli.

Kwa ile saa nane ya usiku, tenga dakika 20 za kuhangaika mchana, ukiwa umeketi mezani na daftari, kamwe si kitandani. Wasiwasi ukija usiku, uandike kwa neno moja na uuambie kwamba zamu yake ni kesho. Linaonekana jambo la kitoto, lakini njia hii imekuwa ikitumiwa tangu miaka ya 1980. Usingizi usiporudi baada ya muda kama wa nusu saa, inuka uketi pengine hadi macho yawe mazito. Daftari la madeni lilale chumba kingine.

Vidonge vinavyouzwa kiholela katika maduka ya dawa, hasa diazepamu, sikushauri. Vinaleta usingizi kwa siku za kwanza, lakini ndani ya majuma machache mwili huvizoea, na kuviacha ghafla huleta wasiwasi mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ni hivyohivyo, isipokuwa ni nafuu zaidi na kichwa kinauma. Kuhusu kubahatisha matokeo ya mpira, hukuniambia lolote, nami siulizi. Ila kama lipo, liingize katika zile dola 250 ulizoziita za lazima, ulitazame vizuri.

Je, ni ugonjwa? Kuna kipimo kifupi cha maswali saba kiitwacho GAD-7, ambacho huuliza juu ya majuma mawili yaliyopita na kutoa alama kuanzia 0 hadi 21. Anayefikia 10 au zaidi hushauriwa aonane na mtaalamu. Siwezi kukupima kwa barua. Lakini kama kwa zaidi ya majuma mawili hulali, huli au makosa yanazidi kazini, usingoje. Hapa mjini kuna Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Docteur Joseph Guislain, na kwenda pale hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu, hata mtaa ukisema hivyo. Na kama umewahi kuwaza kwamba ni afadhali kufa, usingoje siku ya miadi: mwambie mtu mmoja leo hii, naye akusindikize.

Lililobaki ni mchumba wako. Mwambie, lakini si kwa simu, wala si siku ambayo umetoka kutishwa na mdai. Mpelekee ile ratiba ya miezi minane, umwoneshe nani anatoka mwezi gani, kisha mhesabu pamoja kama Desemba inawezekana. Ikiwa miezi hiyo minane inavuka Desemba, baba yako mkubwa aende kwa wakwe kuomba tarehe isogezwe, kwa kuwa ombi kama hilo halipelekwi na bwana harusi mwenyewe. Kwa wakwe si lazima ataje likelemba wala mkopeshaji. Inatosha aseme kijana anamaliza majukumu aliyokwisha kuyaanza na ataje mwezi mpya. Mahari ya mkopo usiikubali, hata mkopeshaji akija mwenyewe kukushawishi.