Muulize Fundi: Tope la mtaro linarudi mtaroni

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mpangaji Kigogo, Dar es Salaam, si mbali na Mto Msimbazi. Kila mwaka kabla ya masika vijana wanakuja na machepe, wanazibua mtaro unaopita mbele ya nyumba yetu na tope wanalirundika ukingoni. Mvua mbili tatu tu, mtaro umejaa tena na maji yako sebuleni. Mwaka huu mtaa unachangisha hela za kukodi kijiko, ile mashine ya kuchimbia. Mume wangu anasema ni kutwanga maji kwenye kinu. Nichange, au nipandishe kitanda juu ya matofali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Changa, na kitanda pandisha vilevile. Ila kabla hujatoa hata mia, muulize mwenyekiti wenu: tope litaenda wapi?

Lililolazwa ukingoni halijaondoka, limesogezwa tu. Kuliacha siku mbili lichuje maji ni sawa, maana tope bichi litamwagika barabarani njia nzima. Siku ya tatu liwe limepakiwa. Vijana wa machepe siwalaumu, wao wanalipwa kwa mita walizozibua na tipa si juu yao. Nimesimamia mitaro mpaka nikastaafu, na kama kuna kitu kimetuharibia kazi hii ni hayo malipo ya mita. Mimi nahesabu safari za tipa. Mtaro wenye upana wa mita 1 na kina cha mita 1, ukiwa umejaa tope nusu kwa urefu wa mita 300, una mita za ujazo 150 za tope. Tipa la mita za ujazo 7 litakwenda na kurudi zaidi ya mara 20. Mama yeyote mwenye genge hapo njiani akae na daftari aandike. Mkandarasi akiaga baada ya safari sita, mnajua mengine yamebaki wapi.

Na msidanganyike kwamba mtaro uliojaa nusu umebakiwa na nusu ya nguvu. Maji yakiwa machache yanasuguana zaidi na sakafu na kuta, kwa hiyo mtaro wa vipimo hivyo unapitisha kama asilimia 40 tu ya ulichoweza ukiwa mtupu.

Jambo jingine, kijiko kianzie chini, pale mtaro unapomwaga mtoni, kisha kisogee kuja juu. Wengi wanaanzia barabarani kwa sababu mashine inafika bila shida na viongozi wanapita wanaona (picha nazo zinatoka vizuri). Ukizibua juu wakati chini kumeziba, umempelekea jirani yako maji haraka zaidi, basi. Kalvati nazo, zile njia za maji chini ya barabara, zimulikwe na tochi ndani. Mara nyingi utakuta kuna bomba limekatiza katikati, limekamata godoro, matairi na viroba vya mchanga. Kijiko hakiingii humo, anaingia mtu mwenye sululu, na huyo alipwe vizuri kuliko dereva.

Dereva naye azuiwe kuchimba kupita sakafu ya zamani. Mtaro ukiwa chini kuliko mdomo wake unageuka bwawa la mbu, na ukuta uliofukuliwa msingi unaanguka masika hiyohiyo.

Sasa nikuambie kile ambacho mchango wenu hautakifanya. Msimbazi wenyewe umejaa. Unateremka kutoka vilima vya Pugu na mchanga wa mmomonyoko, na ukifika bonde la Jangwani ardhi inalala, maji yanapunguza mwendo, mchanga unatua. Sakafu ya mto imepanda mwaka baada ya mwaka. Mbele yake kuna bahari. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na bahari ikajaa kuliko kawaida, tofauti ya maji kupwa na kujaa Dar es Salaam inapita mita 3, na bahari inajaa karibu saa kumi alasiri na tena saa kumi alfajiri. Mvua kubwa ya mchana ikikutana na bamvua, mto hauna pa kumwaga, unasubiri bahari ikupwe, na wakati unasubiri unapanda majumbani. Wavuvi wa soko la samaki la Feri wanaijua ratiba hiyo kwa kutazama mwezi. Na nyie mnaokaa bondeni ijueni.

Desemba 2011 zilinyesha zaidi ya milimita 150 kwa siku moja. Watu zaidi ya 40 walikufa, na familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kwa mvua ya namna ile mtaro wa mita moja hausaidii kitu. Kuchimba Msimbazi wa chini na kuinua daraja la Jangwani ni kazi ya serikali, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo. Mtaro wenu utawakinga na mvua za kawaida, hizo zinazokuingilia sebuleni kila mwaka. Mwambie baba watoto hilo si dogo. Mto ukipanda, bebeni watoto mwondoke, kitanda kitajijua.

SWALI: Mzee, hapa Tandale jirani yangu mvua ikianza tu anatapisha choo mtaroni. Nikimsema ananuna. Nifanyeje?

JIBU: Anune. Ni kosa kisheria, na kipindupindu hakiulizi choo kilikuwa cha nani. Nenda kwa bwana afya wa kata, jina lako abaki nalo yeye. Lakini mchunguze pia jirani: huenda gari la kunyonya majitaka halifiki kwake. Kuna vijana wenye pampu za mkono wanaopita vichochoroni. Mkichangia nyumba tatu nne gharama inashuka, na kazi ifanyike wakati wa kiangazi, si wingu likishatanda.

SWALI: Tukifunika mtaro wetu wote kwa zege, si taka zitakoma kuingia?

JIBU: Taka zitapungua, mchanga utaendelea kuingia na hutauona. Mkifunika, tumieni mifuniko ya vipande ambayo watu wawili wanaweza kuinyanyua, yenye matundu ya kuingizia nondo. Na mkatazeni mwenye duka asimwage sakafu ya kibaraza chake juu yake. Nimeona mtaro mzima umezikwa chini ya vibaraza, na siku ya kuzibua ikabidi ianze kesi badala ya kazi.