Usimwage Sizoni Nzima Siku Moja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia. Amemaliza kurekodi tamthilia yake ya vipande kumi, pesa ni yake na ya mjomba wake, na sasa anataka kuipandisha YouTube. "Dada, niachie zote kwa mpigo kama Netflix au niende wiki kwa wiki?" Nimeshamjibu, ila najua mko wengi mnaoshika kamera kwa hela ya mfukoni na mnajiuliza hilohilo. Jibu langu ni wiki kwa wiki, na nalisema bila kupepesa macho.

Sizoni ya pili ya tamthilia yangu imemalizika Alhamisi, na safari hii waigizaji wote wamelipwa bila mimi kukopa popote. Wanaoijua kazi hii wanajua hilo lina uzito gani.

Tulipokuwa tunaanza, kulikuwa na kaka mmoja aliyeahidi kutuwekea pesa. Tulikaa naye kwenye chumba cha kuhariri huku Tabata, feni imeharibika, akashikilia tuachie kila kitu usiku mmoja. Watu wa siku hizi hawana subira, alisema, sizoni wanawekewa kwenye flashi na kabla hakujakucha wameshaimaliza. Kuhusu flashi alisema kweli. Netflix ilifungua huduma zake karibu Afrika nzima Januari 2016, lakini kabla ya hapo watu wetu walikuwa wanakesha na sizoni za Kikorea na za Kifilipino walizowekewa madukani. Nilimwambia kwamba anayekesha na flashi hamlipi aliyetengeneza hata senti. Hakunielewa. Aliondoka na pesa yake, kisha akaandika kwenye kundi la WhatsApp la watu wa filamu kwamba mimi nimebaki zama za redio. Watu wakacheka, wengine ni watu niliowafundisha kushika maiki. Liliniuma, na bado linaniuma.

Lakini redio naijua. Mchezo wa Twende na Wakati ulianza Redio Tanzania mwaka 1993, ukirushwa mara mbili kwa wiki. Mkwaju alikuwa dereva wa lori asiyetulia, na Tunu alikuwa mkewe. Nyumbani kwetu mama zangu wadogo waligombana juu ya Tunu, avumilie au aondoke, na ugomvi ule ulidumu mpaka siku ya kipindi kingine. Watafiti waliofuatilia mchezo ule walikuta wasikilizaji wakizungumza zaidi na wenzi wao kuhusu uzazi wa mpango. Mazungumzo yale yalipata nafasi kwa sababu kati ya kipindi na kipindi kulikuwa na siku za kungoja. Ukimwaga vipande vyote, unazifuta siku hizo.

Niwape mfano wa hapa karibu. Katika kipande cha nne cha tamthilia yangu tuliweka pete kwenye kidole cha mchumba wa mhusika wetu Zuhura, ionekane kwa sekunde mbili tu anapopokea kikombe cha chai. Hatukumwambia mtu. Jumamosi yake nafika kijiwe cha bodaboda Tabata Relini, dereva mmoja ananisimamisha, anatoa simu iliyopasuka kioo. Alikuwa amesimamisha picha palepale pa kikombe, akaikuza kwa vidole viwili mpaka pete ikajaa kioo kizima. "Dada, huyu ana mke." Wenzake wakadakia, mmoja akasema pete ni ya marehemu baba yake, mwingine akasema wanawake ndio wanaona vitu hivyo na mkewe hajasema kitu. Abiria walikuwa wanaita, hakuna aliyeondoka. Kama kipande cha tano kingekuwa tayari pale chini ya kidole chake, angebonyeza na pete ingempita. Mimi ningekuwa nimepoteza siku nzima ya kupanga ile sekunde mbili.

Mtaniambia mbona Netflix wanamwaga. Ndiyo, Februari 1, 2013 waliachia House of Cards, vipande 13 siku moja, na dunia ikashangaa. Lakini Netflix wakimaliza hii wana nyingine kesho na nyingine keshokutwa. Wewe una moja, na ya pili huijui utaipigia wapi. Hata hao wakubwa wenyewe wamerudi nyuma. Disney+ walipoanza Novemba 2019, The Mandalorian waliigawa wiki kwa wiki. Amazon waliachia sizoni ya kwanza ya The Boys yote pamoja mwaka 2019. Mwaka uliofuata wakatoa vipande vitatu kwanza, vingine kila wiki. Watazamaji walikasirika, wakaishushia nyota kwa hasira, na tamthilia haikufa. Imeendelea sizoni hadi sizoni. Netflix nao waliigawa sizoni ya nne ya Stranger Things mafungu mawili, Mei na Julai 2022. Hawa wana mabilioni, na wameona faida ya kumfanya mtu arudi.

Halafu kuna bando, ambalo washauri wetu wa kwenye vikundi hawalitaji kabisa. Netflix wanasema picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Mtazamaji wangu ananunua bando la siku, au la wiki mshahara ukitoka. Kipande kimoja Alhamisi anakimudu. Vipande kumi hawezi, ataangalia viwili, bando likate, na akirudi siku nyingine ameshasimuliwa mwisho na jirani.

Kwa hiyo chagua siku moja na usiihame. Mimi ni Alhamisi saa mbili usiku, iwe mvua iwe msiba, watu wameshazoea. Usianze kuachia kabla hujamaliza kurekodi vyote, maana kukatiza katikati ni kumdhulumu aliyekungoja. Malizia kila kipande kwenye swali lenye maana, siyo mtu kuanguka tu ili watu wabaki na alosto. Jibu kamenti. Na siku usiihame, narudia, kwa sababu naona wengi wenu mnaachia mkijisikia halafu mnalalamika chaneli haikui. Heshima kwa mtazamaji inaanzia kwenye saa. Kazi hii haitaki mwenye haraka, na anayetaka sifa za usiku mmoja akatafute kitu kingine cha kufanya.

Wanaopenda kukesha nao wana haki yao. Sizoni ikiisha, ipange yote kwenye orodha moja pale chaneli, nao watakuja kuimaliza kwa wakati wao. Kijana wa Mwanza nimemwambia aachie vipande viwili vya kwanza kwa pamoja ili watu wawajue wahusika, vinane vilivyobaki vitoke kimoja kimoja, na asipandishe hata trela kabla kipande cha kumi hakijatoka kwa mhariri.