Kimbia spidi ya kuimba

Mwaka jana mwezi wa sita lifti ya ofisini kwetu iliharibika wiki nzima na sisi tuko ghorofa ya 4. Siku ya kwanza nilifika juu nimeshikilia ukuta, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, binti wa mapokezi akanivutia kiti akaniuliza dada unaumwa? Siumwi. Nina miaka 41, sina ugonjwa wowote, ila pumzi ndo hakuna. Lile swali lilinikaa rohoni, Jumamosi yake nikavaa raba nikatoka kukimbia.

Nilitoka nduki, dakika 2 kifua kinawaka nikarudi nyumbani nimeshaamini kukimbia sio kwangu. Wengi wanaishia hapa hapa na ndo maana naandika. Shida sio mwili wako, ni spidi.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu Mama Junior. Yeye yuko kwenye joging ya mtaani, si unazijua zile za Jumapili asubuhi, watu wamevaa tisheti za kufanana wanakata mitaa ya Dar wanaimba, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia. Akaniambia mama, unadhani tunaimba kwa raha tu? Ukiweza kuitikia wimbo huku unakimbia ujue spidi iko sawa, ukishindwa kuitikia punguza. Aisee nilikuwa nazisikia zile nyimbo miaka yote na sikuwahi kuwaza hilo.

Basi tukaanza wawili, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 11 na nusu alfajiri maana jua la huku kwetu Segerea likishatoka hukimbii tena, na kwa mwanamke gizagiza lile ni vizuri uwe na mwenzio. Hatukuwa na saa ya kupima wala programu ya simu, tulitumia nguzo za umeme. Unakimbia nguzo 2, unatembea 3. Wiki inayofuata unakimbia 3 unatembea 3. Ukiona wiki ni nzito unairudia ile ile, hakuna anayekudai. Kutembea ni sehemu ya mazoezi yenyewe, naomba ulishike hilo kuliko yote niliyoandika humu.

Sasa faida. Ya kwanza kuja ilikuwa usingizi, kama wiki ya 3 hivi. Mimi nilikuwa mtu wa kugeukageuka kitandani mpaka saa 7 usiku nawaza ada, nawaza kodi, ghafla naanza kulala saa 4 na naamka kabla ya alamu. Wiki ya 6 nikapanda ngazi za ofisini kwa kupenda tu, lifti ikiwa imeshapona, nikafika juu naongea na simu. Kilo nitakwambia ukweli, miezi 3 zilipungua 2 tu, kwa hiyo kama unaanza kwa ajili ya mzani peke yake utakata tamaa mapema na utaondoka kabla hujapata mazuri yenyewe.

Halafu kuna hii ambayo sikuitegemea kabisa. Ile nusu saa ni yangu. Nyumbani kuanzia naamka mpaka nalala ni mama soksi, mama hela ya daladala, kazini nako ni bosi na wateja, ila pale barabarani hakuna anayenihitaji, nasikia miguu yangu na azana ikiisha kwa mbali, narudi nyumbani nimepoa na watoto wanaona tofauti.

Kuhusu raba, usikubali presha ya kununua za bei mbaya. Za mtumba zinafaa ila geuza uangalie soli, kama imelika upande mmoja iache hata iwe inang'aa vipi juu. Mi nilichukua moja ya hivyo nikaumwa magoko wiki 2. Kina mama wekeni hela kwenye sidiria ya mazoezi inayobana vizuri, inasaidia kuliko mnavyofikiria. Na kama una presha, sukari au umri umesogea muone daktari kwanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate kwa wiki angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani au 75 za mazoezi makali, kwa hiyo ukishaweza kukimbia nusu saa mara 3 umefika. Hata wakimbiaji wakubwa sehemu kubwa ya mazoezi yao ni mwendo mwepesi.

Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025 nimetoka getini nakuta Mama Junior ameshika simu, uso wote unacheka. Alphonce Simbu kashinda maratoni ya dunia kule Tokyo, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda sawasawa na Mjerumani Amanal Petros mpaka picha ya kwenye mstari wa kumalizia ndo ikaamua, na ndo dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano yale. Tukaanza kukimbia huku anasimulia zile mita za mwisho, mi namuuliza, anarudia tena, nabisha, anaapa. Tunafika kwa mama wa vitumbua ndo nashtuka kwamba leo sijahesabu nguzo hata moja na hatujatembea kabisa.