Kwa mkufunzi mpya: wastani wa alama usikupumbaze

Ukipangiwa idara ya kilimo huku Mtwara, hutakaa sana kabla ya kuulizwa kama wanafunzi wenu wanajifunza kweli. Wengi hukimbilia karatasi ya matokeo na kusoma wastani. Mwenye 62 anaweza kuwa amekariri pasti pepa barabara, lakini msimamishe chini ya mkorosho uone.

Kwanza soma matokeo ya ujifunzaji, yaani yale mwanafunzi anayotakiwa aweze kufanya akimaliza, yalivyoandikwa. "Ataelewa magonjwa na wadudu wa mikorosho" utaipimaje? Afadhali: atatambua ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu unaofanana na unga mweupe) kwenye machipukizi na maua, atautofautisha na madhara ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, kisha atamshauri mkulima la kufanya. Hapo una kitu cha kukiona kwa macho.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kusahihisha pamoja. Chukueni kazi moja waliyoifanya wote wa mwaka wa mwisho, tuseme ripoti ya kukagua shamba. Okoteni chache bila kuchagua, fichieni majina, kila mkufunzi asahihishe kivyake kwa rubriki ileile, yaani jedwali la vigezo na ngazi za kusahihishia. Rubriki iwe na ngazi nne. Zikiwa tano watu hujificha kwenye ya katikati. Halafu kaeni mlinganishe. Utakuta ripoti moja imepewa nne na huyu, mbili na yule. Wa kwanza kaangalia kwamba ugonjwa umetajwa sawasawa. Wa pili kaona mwanafunzi anamwambia mkulima apulize salfa ya unga, dawa ya ubwiriunga, mchana, upepo unavuma, wakati inatakiwa alfajiri kumetulia na majani yana umande, unga ushike. Bishaneni. Mkitoka hapo rubriki itakuwa na mstari mpya kuhusu muda wa kupuliza, na mtakuwa mmejua somo gani halikuingia. Hilo wastani usingewaambia kamwe.

Angalia pia kalenda. Mikorosho huku huanza kutoa maua kama Juni. Mtihani wa vitendo ukiupanga Machi, mvua zinanyesha, utaishia kutahini kwa picha.

Dodoso za wanafunzi zina kazi yake, ila zinakueleza wanavyojiona, siyo wanachoweza. Wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo nao wana huruma: fomu nzima wataijaza "vizuri sana". Waulize jambo moja mahususi, kwa mfano kama kijana aliweza kuongea na wakulima wa AMCOS (chama chao cha ushirika cha msingi) bila kusaidiwa.

Mkimaliza, andikeni ukurasa mmoja: tulichokiona, tunachobadilisha, lini tutapima tena. Bila hicho cha katikati mmejaza faili tu. Wala msipime matokeo yote ya ujifunzaji kwa mwaka mmoja, mtachoka na kuanza kubuni. Mawili yanatosha, na la kwanza liwe lile ambalo wenzako wanalilalamikia kila siku kwenye chai ya saa nne.